Siku Niliyokabidhiwa Maji

Shabani,

Shikamoo yako nimeshaipokea leo asubuhi na kesho utanipa nyingine, kwa hiyo tusipotezeane muda na salamu za kwenye karatasi. Tunalala nyumba moja. Mtu akisikia mama kamwandikia barua mwanawe aliye chumba cha pili atasema nimechanganyikiwa, na mimi mwenyewe nimelifikiria hilo. Lakini nikisema, unajibu. Umekuwa hodari wa kujibu tangu upate hiyo kazi. Barua haijibiwi mpaka isomwe hadi mwisho, na wewe siku hizi hakuna unachokiheshimu ila karatasi. Basi nimekuandikia karatasi.

Umekwenda Rusimbi kuwaaga rafiki zako. Begi lako liko mlangoni, nimelifunga kwa kamba kwa sababu zipu yake ni ya kichina na haina imani. Sitakuandikia habari za baridi ya Tabora, wala za kula kwa wakati, wala za kuchagua marafiki. Mtu aliyefikisha umri wa kwenda kumtolea mwenzake makochi nje hatashindwa kujifunika shuka.

Maana ndiyo kazi unayokwenda kufanya. Msaidizi wa dalali wa mahakama. Majirani nimewaambia umepata kazi ya mahakama, wamenipongeza, na mmoja tayari ameuliza kama utaweza kumsaidia kesi ya mbuzi. Mimi na wewe tunajua ukweli. Hakimu akishaamua anavua miwani na kwenda kunywa chai. Anayekuja nyumbani kwa mtu ni dalali, na nyuma ya dalali kuna kijana mwenye mikono yenye nguvu, na huyo kijana kuanzia wiki ijayo ni mwanangu. Sikukatazi. Kazi ni kazi, na usipoibeba wewe ataibeba mwingine. Ila kabla hujaanza kuwapelekea watu tuzo za mahakama, zisikie kwanza kwa mtu aliyeshinda tatu ndani ya kesi moja na hakuna hata moja iliyomkaushia dagaa.

Ulikuwa mdogo, unakumbuka vipande vipande tu. Babu yako alipofariki alituacha wawili, mimi na mjomba wako Issa, na alituachia kile kiwanja cha pale mwaloni Ujiji, kinachoanza njiani na kushuka mpaka majini. Ni mchanga mtupu, lakini kwa mwanika dagaa mchanga ule ni shamba. Kipande cha chini ndicho kilichokuwa na thamani. Mitumbwi ikirudi alfajiri ilikuwa inachomeka pua zake pale pale, na aliye chini ndiye anayepata beseni la kwanza kabla wachuuzi wa mjini hawajaamka. Aliye juu ananunua makombo na kuyapandisha mlima kichwani. Hilo ndilo tuligombania, wala usikubali mtu akuambie tuligombania haki. Neno haki tulilikuta huko huko mahakamani, tukalivaa kwa sababu kila mtu alikuwa amelivaa.

Nilimpata kishoka mmoja, wakili asiye wakili, mwenye meza chini ya ngazi na mhuri alioujua yeye mwenyewe. Alikuwa na koti moja la suti na harufu ya samaki wa jana. Huyo ndiye aliyenifundisha sheria yote ninayoijua, na kwa kuwa mjinga akikariri hakosei, alinifundisha sawasawa. Aliniambia hukumu na tuzo si kitu kimoja. Hukumu ni ile ndefu: nani alisema nini, shahidi yupi aliaminika, kwa nini hakimu ameamua alivyoamua. Tuzo ni ile fupi inayochomolewa mwishoni mwake: fulani apewe hiki, fulani aondoke pale, fulani alipe gharama. Hukumu inaeleza, tuzo inaamuru. Kinachokazwa, yaani kutekelezwa kwa nguvu, ni tuzo, na dalali ukimwona mlangoni ameshika tuzo, ile hukumu yenye sababu zote ameiacha kwenye faili. Hapo ndipo mambo yote yanapoharibikia, Shabani. Mnakwenda kwa watu na amri mkononi, sababu mmeziacha kabatini.

Tuzo yangu ya kwanza ilikuwa ya upande mmoja. Issa alikuwa amevuka ng'ambo, Kalemie, kufuata nyuzi za nyavu. Karani alibandika wito kwenye mlango wake, na mimi niliyejua wazi kwamba mlango ule hauna mtu nilinyamaza kama maji mtungini. Siku ya kusikilizwa nikasimama peke yangu, nikasema peke yangu, nikashinda peke yangu. Ukimpiga mieleka mtu asiyekuwepo huwezi kuanguka. Nikarudi nyumbani nikapika pilau. Majirani walikuja hata wale tusiosalimiana nao, wakala, wakasema Mungu hamtupi mja wake, wakaomba ukoko. Issa aliporudi akaenda mahakamani na tiketi yake ya meli, akaeleza alikokuwa, na ile tuzo ikatenguliwa, kesi ikaanza upya. Yeye naye akapika. Majirani wale wale walikwenda kwake na mabakuli yale yale. Siku hizi wakipita nawaitikia tu, siwaangalii.

Kesi ikaanza upya, na hapa kuna jambo ambalo sijawahi kukuambia kwa sababu linanichekesha na kunitia kinyaa kwa pamoja. Kutoka Ujiji hadi mahakamani mjini Kigoma mimi na Issa tulikuwa tunakwenda na bajaji moja. Nauli ya wawili ni nafuu kuliko ya mmoja mmoja. Tunatoka asubuhi, tunabanana kiti cha nyuma, mimi na faili langu, yeye na faili lake, tunaulizana habari za watoto. Tukishuka pale getini tunaachana kila mtu na upande wake, tunaingia, na ndani ya chumba kile namwita mdaiwa naye ananiita mdai, ananishutumu kwamba nilimnyima baba maziwa siku za mwisho, na mimi namshutumu kwamba aliuza mtumbwi wa marehemu. Tukitoka tunasubiriana. Dereva yule alituzoea mpaka akawa anauliza, "Leo nani kashinda?" Hatukuona kitu cha ajabu. Ukiwa ndani ya ujinga wako mwenyewe huwa unaona una mipango.

Hakimu tuliyempata safari ile ya pili alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye sauti ndogo. Aliyaona majina yetu akatuuliza kama ni baba mmoja mama mmoja. Tukasema ndiyo, mheshimiwa.

"Na mmekuja kwa usafiri gani?"

"Bajaji," akasema Issa.

"Wote wawili kwenye moja?"

Watu nyuma wakaanza kucheka, karani akagonga meza.

"Basi tokeni nje mkazungumze," akasema. "Mkipatana mtaniambia mlivyopatana, nami nitaiandika iwe tuzo ya maridhiano. Ina nguvu sawa na hii nitakayoiandika mimi, na ni ngumu mtu kuikatia rufaa kwa sababu itakuwa maneno yenu wenyewe. Hizi za kwangu, mmoja wenu lazima atoke hapa amenuna."

Tukatoka. Tukakaa kwenye benchi la korido. Issa akakuna goti lake, unamjua anavyokuna goti akitaka kusema jambo la maana, akasema, "Yaya, tukikate kwa urefu. Kamba moja kutoka njiani mpaka majini. Weye upate njia na upate maji, nami nipate njia na nipate maji. Basi, tumalize."

Ananiita yaya kama wanavyowaita wakubwa zao sisi wa asili ya ng'ambo, hata siku zile za kesi hakuacha. Na lile wazo lake, Shabani, lilikuwa ndilo wazo pekee lenye akili lililosemwa katika jengo lile kwa muda wote tuliokuwa tunaingia na kutoka. Lilisemwa na mtu ambaye hadi leo hajui kufunga vifungo vya shati bila kuruka kimoja. Mimi nikamtazama kishoka wangu. Kishoka akanivuta pembeni kwa mkono wa gauni, akaninong'oneza, "Mama, huyo anaogopa. Mtu anayeogopa hapewi nusu. Sisi tunataka chini." Nikarudi ndani nikamwambia yule mama hakimu kwamba hatukupatana. Alinitazama kidogo, akaandika. Hakusema ile methali ya ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini niliiona usoni mwake, na nilimdharau kwa kuwa nayo.

Basi ikatoka tuzo ya awali. Hiyo kazini kwako utaikuta, usije ukaibeba ukafikiri ndiyo mwisho wa maneno. Tuzo ya awali inasema haki ni ya nani, lakini haisemi bado itapatikanaje. Yetu ilisema kiwanja ni cha watoto wote wawili wa marehemu, nusu kwa nusu, na mpima atumwe akapime, alete ramani, ndipo itoke tuzo ya mwisho kusema nani achukue nusu ipi. Yaani mlango umefunguliwa lakini hujaambiwa uingie chumba gani. Mpima alikuja, akavuta kamba, akapigilia vigingi vya chuma vilivyopakwa rangi nyekundu, viwili njiani, viwili katikati, viwili chini karibu na maji. Akaondoka. Faili likaingia mahali mafaili yanapoingia, likakaa huko.

Ndipo ziwa likaanza kupanda. Hilo unalikumbuka, maana mlikuwa mnalifurahia. Kwanza lililamba vigingi vya chini, watu wakasema litarudi. Halafu likachukua vibanda vya mwaloni, likaingia kwenye mashamba ya watu, likasimama kwenye vizingiti vya nyumba. Kila mwenye macho aliliona. Mimi sikuliona. Nilikwenda mahakamani nikiwa nimelowa gauni mpaka magotini kwa kupita mle mle ninamogombania, nikaapa, nikasema naomba nusu ya chini. Issa akasimama akasema, "Mheshimiwa, kule chini sasa ni maji. Yaya apewe nusu ya juu, mimi nina mtumbwi, nitajua la kufanya." Na mimi, mama yako mwenye akili, nikasema anadanganya. Nikasema maji ni ya msimu na mdaiwa anataka kunipumbaza anipokonye mahali pa mitumbwi. Kishoka wangu alitikisa kichwa nyuma kwa furaha mpaka nikasikia koti lake likilia. Mahakama ina macho, lakini inaangalia kilicho kwenye faili, na kwenye faili kulikuwa na ramani ya mpima yenye mchanga mkavu, na mdai mwenye kiapo. Mtu akisisitiza kwa kiapo kwamba anataka kuzama, mwishowe watu wanachoka kumzuia. Nikapewa. Hiyo ndiyo tuzo ya mwisho: nusu ya chini ni ya mdai, nusu ya juu ni ya mdaiwa, kila mtu abebe gharama zake.

Ningeweza kuliacha hapo. Ndugu wenye akili wanapeana mkono na kupeana kiwanja bila dalali. Lakini nilitaka Issa aone. Nikaomba tuzo ikazwe.

Dalali akaja, na huyu nataka umtazame vizuri, kwa sababu ndiye utakayekuwa ukichezacheza. Alikuja na viatu vyenye ncha, vimepigwa rangi mpaka unajitazama humo, akaja na kijana wa kubeba kama wewe, na mwenyekiti wa mtaa kama shahidi. Akasimama njiani, akafungua karatasi, akasoma kwa sauti yote kana kwamba ziwa lina masikio. Akaanza kushuka kunionyesha mipaka. Akavuka nusu ya Issa, iliyokuwa kavu, na Issa mwenyewe amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anakula mgebuka wa kuchoma, anatema miiba pembeni kwa adabu. Dalali akafika pale vigingi vya katikati vilipo. Hatua moja mbele yake yalikuwa maji. Akaangalia viatu vyake, akaangalia karatasi, akaangalia maji. Watoto walikuwa wanaogelea mle, wewe ukiwa mmojawapo, Shabani, uchi kama samaki, unapiga kelele.

"Mama," akasema dalali, "tuzo inataka eneo likabidhiwe likiwa halina mtu. Niwafukuze hao watoto?"

Kijana wake akaanza kuwarushia mikono mtoke, nanyi mkadhani ni mchezo, mkamrushia maji. Mwenyekiti wa mtaa aligeuka akatazama Kongo. Halafu dalali akatoa karatasi nyingine ya kusaini, imeandikwa kwamba mimi, jina langu kamili, nimekabidhiwa eneo lililotajwa likiwa katika hali nzuri na sina madai zaidi. Akanipa kalamu na mgongo wa kijana wake niandikie.

Ningeweza kusema, ndugu yangu, hapa hakuna eneo. Ningeweza kucheka. Wangecheka wote, na Issa angecheka kwa sauti kubwa kuliko wote, na pengine siku ile ile tungekula ule mgebuka pamoja. Lakini Issa alikuwa ananitazama. Basi nikasaini. Nilisaini kwamba nimekabidhiwa maji katika hali nzuri. Nilijidharau kabla wino haujakauka, na tangu siku ile nikisikia mtu akijisifu kwamba hasomewi jambo mara mbili, nakumbuka kwamba mimi nilisomewa mara moja tu, kwa sauti, kwenye jua, nikaelewa kila neno na bado nikasaini.

Na hapa kuna sheria utakayohitaji, kwa sababu najua uliikosea Jumapili, nitafika huko. Tuzo ikishakazwa imekwisha. Haikazwi mara mbili. Ile karatasi unayoiota haina meno tena, niliyang'oa mimi kwa sahihi yangu. Ukitaka kumtoa mtu pale leo utafungua kesi mpya, utatafuta kishoka mpya, utapika pilau mpya. Najua unaweza. Kipande kile cha chini kimeandikwa jina langu, na nikifa kitakuwa chako. Ndiyo maana naandika, nisingeandika kwa sababu nyingine.

Baada ya makabidhiano yale sikuwa na mahali pa kuanika. Nilianza kuanika juu ya bati la jikoni. Unakumbuka ile ngazi? Nilikuwa napanda na beseni la dagaa, nawatandaza, kunguru wanateremka upande wa pili. Dagaa wa kwenye bati wanaungua upande mmoja na kuoza upande mwingine, mnunuzi akiwanusa anarudisha mkono. Nilianika hivyo kwa kiburi mpaka mikono ikawa na malengelenge. Asubuhi moja Issa akapita njiani na nyavu begani, akasimama, akanitazama juu kule.

"Yaya," akasema, "unaanika dagaa kwenye bati kama nepi za mtoto? Shuka. Mchanga upo."

"Mchanga wako," nikasema.

"Ee. Wangu. Sasa shuka."

Ndiyo hotuba nzima. Hakuna hakimu aliyemwambia, hakuna aliyemwandikia. Tuzo ya mahakama ilimpa nusu ya juu yote, mchanga wote mkavu uliobaki pale, na angeweza kunizuia nisikanyage na dalali yule yule mwenye viatu angekuja kunitoa. Issa alichukua ufagio wa chelewa akapiga mstari mchangani kwa urefu, kutoka njiani mpaka kwenye maji, kama alivyosema siku ile kwenye benchi. Kila mwaka, Shabani. Mvua ikifuta ule mstari, anaupiga tena. Sare zako za shule, daftari zako, mkate wako wa asubuhi, vyote vilikaushwa upande wa kulia wa mstari wa ufagio. Hujui tu kwa sababu hakuna mhuri juu yake.

Usije ukafikiri nimekuwa mpole kwake. Issa ni mjinga. Anakopesha watu anaowajua kuwa hawalipi, anahadithia hadithi moja kila Idi, anakoroma mpaka kuta zinaomba radhi. Kwa muda mrefu nilimdharau hata nilipokuwa naanika kwake, tena hapo ndipo nilipomdharau zaidi, kwa sababu mtu akikufadhili bila kukudai huna pa kumshika. Sasa nimezeeka, na dharau yangu nimeigawa upya. Kipande kikubwa nimejiwekea mwenyewe. Kingine ni cha kishoka, ambaye nasikia amehamia Kasulu na koti lake. Na tangu Jumapili kuna kipande chako, mwanangu, na hicho kinaniuma mkononi.

Maana ziwa limeanza kurudi. Vigingi vya chini vimetokeza, rangi imekwisha, vimeota majani. Jumapili asubuhi Issa alikwenda pale kabla ya watu, akafagia mchanga ule wote uliotoka majini, akaokota chupa na magome, akatandika nyavu zake zikauke wakati ananisubiri. Aliponiona nashuka akaniambia, "Yaya, kiwanja chako kimerudi. Nimekufagilia." Nilikuwa bado naukanyaga mchanga ule kwa miguu mitupu ulipofika wewe.

Hukumpa shikamoo. Ulisimama mbele ya vijana wake wa mtumbwi, na ile barua yako ya kazi imekunjwa kwenye mfuko wa shati, ukamwambia mdogo wa mama yako, "Mjomba, hapa una tuzo gani? Toa nyavu. Au unangoja nirudi na dalali?"

Vijana wake walitazama chini. Issa alikunja nyavu zake, taratibu, kuanzia pembeni kama zinavyokunjwa, akaziweka begani akapanda. Nawe ukarudi nyumbani unapiga mluzi. Na mimi nilinyamaza tena kama siku ile ya wito mlangoni. Sitanyamaza mara ya tatu.

Huko uendako utabeba za kila aina. Ipo tuzo ya kulipa, ambayo utakwenda nayo kwa mtu asiye na kitu. Ipo ya kukabidhi, kama yangu. Ipo ya kumkataza mtu asifanye jambo, na hiyo inabandikwa ukutani na mbuzi wanaila. Ipo ya talaka, inayowapa watu uhuru waliokuwa wameshajipa. Zikaze kama kazi inavyotaka. Sheria yenyewe imesema usishike nguo alizovaa mtu, wala sufuria anayopikia, wala kitanda anacholalia, wala vifaa vya fundi. Imeona aibu, na wewe uone. Kisha kabla hujabisha hodi, mwombe bosi wako akuonyeshe na ile hukumu ndefu. Akikucheka, mwache acheke. Atakuwa amevaa viatu vyenye ncha.

Kuhusu mchanga wa Ujiji sina karatasi ya kukuzuia, na sitaitafuta. Nimezichoka. Ninachoweza kukuambia ni kwamba leo mchana nimetandika mkeka wangu kule chini, na nyavu za Issa nimezitandika mimi mwenyewe kwa mikono yangu kando yake, na siku utakayokuja kukaza chochote pale, mtu wa kwanza wa kumtoa atakuwa mimi. Ninakwambia mapema ili ujiandae, maana ni mzito.

Jioni hii nilikwenda kwa mjomba wako kumwomba msamaha kwa niaba yako. Hakutaka kusikia. Alikuwa anafunga shati, ameruka kifungo. Aliniuliza jambo moja tu, treni inaondoka saa ngapi, nikamwambia. Basi ukiamka kesho utamkuta mlangoni, na begi lako lenye kamba litakuwa tayari liko kichwani kwake, atalibeba mpaka stesheni. Hakuna mahakama iliyomwamuru.

Mama yako